Kiraka cha Shaba

Ndugu zangu, leo sina haraka, na nyie msiwe nayo. Maharage ya nyumbani hayaungui, mmeacha watu wa kuyatazama. Mwalimu Shemhilu, hiyo saa nimekuona unavyoikodolea macho, irudishe ndani ya mkono wa shati.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyenunua mashine ile ya kutafutia vyuma ardhini. Unaipitisha juu ya udongo, ikikuta chuma inalia piii. Watu walimcheka jamani! Alichimba misumari, akachimba vizibo vya soda, akirudi nyumbani mkewe anamuuliza, "Leo umetuletea kizibo cha rangi gani?" Basi siku moja, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa kijiji, mashine ikalia sauti nyingine kabisa. Akachimba taratibu, akatoa bangili nyeusi tititi.

Akaipeleka kwa sonara wa pale sokoni. Sonara akaisugua kwa magadi, weusi ukatoka kidogo kidogo, akaitazama huku na huku.

"Fedha tupu hii," akasema. "Ya kizamani, imefuliwa kwa nyundo. Ila mwenyewe aliiharibu. Ona hapa, pamekatwa kipande, halafu pakazibwa kwa shaba."

Kweli, palikuwa na kiraka chekundu, tena kimekaa kombo, kama kimewekwa na mtu asiyejua kazi.

Yule bwana alikuwa muungwana. Akatangaza sokoni kwamba ameokota bangili ya fedha, mwenyewe aje aieleze ilivyo. Loo! Kumbe mji mzima umepoteza bangili! Huyu yake ilikuwa na maua, yule yake iling'aa mpaka unajiona uso. Na wote, wote kabisa, walisema yao ilikuwa nzima, haina kasoro. Hakuna hata mmoja aliyetaja kiraka. Bwana akachoka, akamnong'oneza sonara, "Basi, kisage hicho kiraka, tia fedha. Mke wangu aivae Jumapili, labda ataacha kunicheka." Sonara akashika tupa.

Hapo ndipo alipoingia mama mmoja, mtu mzima, anahema.

"Ngojeni, wanangu. Yangu mimi ni mbovu."

Watu wakaangua kicheko. Nani anakuja kudai kitu kwa kukiponda?

"Mbovu vipi, mama?" bwana akauliza.

"Ina kiraka cha shaba. Ilikuwa ya marehemu mama yangu, ilimchomoka mkononi akilima. Tuliitafuta mpaka tukalia."

Bwana akaduwaa, maana habari ya kiraka waliijua yeye na sonara tu. Akaiweka bangili kwenye kiganja cha yule mama. Sonara naye, kwa roho safi kabisa, akasema, "Hongera, mama. Nipe basi nikutolee hicho kiraka, sikutozi kitu. Nijaze fedha palipopungua."

Mama akaikumbatia kifuani. "Thubutu! Mwaka wa njaa mimi nilikuwa wa kunyonya, na maziwa ya mama yalikauka. Watu walishaanza kuulizana wanizike wapi. Baba akachukua msumeno, akakata kipande hapa, akaenda kukibadilisha kwa unga. Mama akala, maziwa yakarudi. Pengo baba akaliziba mwenyewe kwa shaba, na mama akawa anaivaa shaba ikiwa juu, hata arusini. Wewe unasema hapa fedha imepungua? Haijapungua, mwanangu. Fedha ya hapa ndiyo mimi."

Akaivaa. Akaigeuza, shaba ikaja juu. Akatoka pale sokoni kifua mbele, na hakuna aliyecheka tena.

Haya, turudi kwetu.

Sisi tuliokaa humu, nani hakukatiwa kipande? Kuna baba hapa mgongo wake uliisha kwenye mkonge. Kuna mama kanga yake imepauka, kwa sababu kila akipata ya kununua mpya, mtoto anahitaji viatu vya shule. Leo mtoto huyo ni bwana mkubwa, na wageni wakija anamficha mama jikoni, anasema, "Huyo ni mtu wa nyumbani tu." Unaona haya ya kiraka? Unataka kukisaga? Ukishakisaga, mama yako atakutambua kwa nini?

Mimi nawatazama kutoka hapa juu, na nasema kwa majivuno, Mungu anisamehe kama ni dhambi: fedha yote iliyokatwa kwa wazazi wetu haikupotea. Ninaiona. Imevaa suti, imekaa mabenchi ya mbele.

Kwa hiyo leo hatuimbi kwanza. Akina mama mliojibana benchi la nyuma, njooni mbele, mje na kanga zenu hizo hizo. Na nyie wenye suti, simameni muwapishe.

Mwalimu Shemhilu, anza wewe. Mama yako yule pale, amesimama mlangoni, amekosa pa kukaa.