Mtani Aliyefungwa Siku ya Maziko

Kabla hujamfunga mtani, muulize mfiwa. Ndivyo mwenyekiti alivyomwambia mgambo leo, alipomwona anamburuta kijana aliyetoka na mbuzi wa Bibi Foibe, kumbe bibi mwenyewe ndiye kamtuma. Mmecheka, kisha mmekuja kwangu kuuliza msemo huo umetoka wapi. Mnadhani ni wa mababu. La, wajukuu zangu, ulizaliwa jeshini, na mwanamke aliyeuzaa alikuwa amevaa buti. Methali hii ilianza hivi.

Katika kambi moja huko Ungoni palikuwa na Sajenti Mize Faki, mzaliwa wa Pemba. Alikuwa polisi wa jeshi, yaani wale wanaowakamata askari wenzao wanapokosea, na watu wa namna hiyo hawana marafiki wengi kwenye bwalo la chakula. Mize hakujali. Aliyemfundisha kazi alikuwa Sajini Taji Gama, Mngoni wa hapo hapo, mtu wa tumbo mbele na sauti ya kupasua masikio. Kila asubuhi mzee huyo aliinama mbele yake na kumuuliza, "Binti, buti hizo umezing'arisha au umezilamba?" Mize alikuwa akimpenda kama baba.

Gama akafa ghafla. Siku ya kumzika kijijini kwake, jeneza lilifunikwa bendera, na juu yake vikawekwa kofia na mkanda wake. Askari wa kupiga risasi za heshima walijipanga, mpiga tarumbeta akawa tayari, na Mize akapewa kazi ya kulinda utaratibu. Aliapa moyoni kwamba maziko ya mzee wake hayataharibika hata chembe.

Mara akachomoka Koplo Kikoti, Mhehe. Alinyakua kofia juu ya jeneza, akaivaa, akatoa tumbo mbele, akaanza kukagua gwaride huku akiunguruma, "Nani kawapa ruhusa ya kulia? Mngoni mmoja mla panya akifa ndiyo kambi nzima ilie?"

Wanakijiji waliangua kicheko. Mize akaona giza. Kwao Pemba, msibani watu hunyamaza na kusoma Kurani. Hakujua kwamba Wahehe na Wangoni walipigana zamani hadi wakaja kuwa watani, na kwamba mtani akifika msibani ana haki ya kufanya vituko hivyo hivyo, tena asipovifanya ndipo watu hununa. Alichokiona yeye ni koplo anayemdhihaki baba yake mchana kweupe. Alimpokonya kofia akairudisha juu ya jeneza, akamvua mkanda wake, akamtia pingu, akampakia kwenye landrova na kuagiza apelekwe korokoroni kwa shtaka la kumdharau marehemu askari. Kikoti alijaribu kueleza, akaambiwa ataeleza mbele ya mkuu wa kikosi. Kwa shtaka kama hilo mtu aliweza kupoteza tepe zake, pengine hata kazi.

Hapo ndipo nyuki walipochokozwa. Wazee wa ukoo wa Gama walikwenda wakaketi juu ya udongo wa kaburi, wakasema hawaziki. Mtani wao arudishwe, la sivyo jeneza litakaa pale mpaka kesho. Mize alitaka kumfuata dereva amrudishe Kikoti, lakini akakumbuka utaratibu ambao yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wengine: aliyeingia korokoroni kwa mashtaka hatolewi na aliyemkamata. Hutolewa kwa amri ya mkuu wa kikosi tu. Wingu jeusi lilikuwa linapanda, kaburi liko wazi, wazee hawainuki. Maji yalimfika shingoni, na wakati huo huo gari la mkuu wa kikosi likaingia.

Luteni Kanali Nyamhanga aliwasikiliza wazee, akamsikiliza Mize, akatazama wingu. Akasema kwamba kama mtu hawezi kutoka bila kusikilizwa, basi atasikilizwa hapo hapo. Landrova yake iliondoka mbio kwenda kumleta Kikoti, vumbi likatimka, na nusu ya kijiji wakasimama barabarani kuingoja. Iliporudi wakaipokea kwa vigelegele kama gari la bibi harusi.

Kikoti aliletwa kando ya kaburi, hana kofia wala mkanda, kati ya walinzi wawili, kushoto kulia, kushoto kulia. Mize alisoma shtaka. Sauti yake ilikuwa imara.

"Unakubali kosa?" mkuu aliuliza.

"Kuvaa kofia nakubali, afande. Kudharau sikubali."

Mkuu akamgeukia Mize. "Sajenti, aliyedharauliwa ni nani?"

"Ni marehemu, afande."

"Marehemu hawezi kulalamika. Umemuuliza mfiwa?"

Mize hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Watu wakamsogeza mbele mjane, Mama Odilia, kanga kichwani, macho yamevimba.

"Mwanangu," alimwambia Mize, "tangu asubuhi mmesimama kama milingoti, mnanipigia saluti. Nawashukuru. Lakini Mhehe huyu ndiye peke yake aliyeniletea mume wangu nikamwona tena. Nawe ukamtia pingu. Ukaniulia mume mara ya pili."

Mize aliona aibu mpaka miguuni. Mkuu alimuuliza kama anaendelea na mashtaka. Ilikuwa vigumu kwa mtu mwenye kiburi kama chake, mbele ya askari aliowahi kuwakamata, lakini alisema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, "Nayaondoa, afande." Akaokota mkanda wa Kikoti, akamfunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Mkuu akatoa agizo kwa kikosi chote: tangu siku ile, polisi wa jeshi asimkamate mtu msibani kabla hajamuuliza mfiwa.

Kikoti alichukua tena kofia ya marehemu juu ya jeneza, akaivaa. Akatoa tumbo mbele, akamwendea Mize polepole, akainama kutazama miguu yake.

"Binti," aliunguruma, "buti hizo umezing'arisha au umezilamba?"

Ilikuwa sauti ya Gama, ile ile. Mize alipiga saluti. Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, ya kwanza tangu mzee afe. Kikoti naye, nani amkataze tena? Alirukia kaburini, akagoma kutoka mpaka aliyemfunga amwahidi jogoo. Akaahidiwa. Risasi zililia, tarumbeta ikalia, mvua ikashuka, na Gama akazikwa akiwa na watu wake wote.

Askari walilibeba agizo lile kambi hadi kambi, likafupishwa mdomoni, mpaka likatufikia sisi tusio na buti. Mgambo wetu naye, laiti angepita kwanza kwa Bibi Foibe. Kabla hujamfunga mtani, muulize mfiwa.