Vumbi Kwenye Boneti

Kulikuwa na bwana mmoja, jina lake silitaji, aliyemwita mkewe mzigo mbele ya wageni. Wageni wenyewe bado wameshika sahani.  Mama wa watu akamaliza kutoa vyombo, akakusanya nguo zake, akarudi kwao.

Wakwe walikuwa waungwana. Walimpelekea ujumbe kupitia kwa mshenga: Jumapili baada ya ibada aje, akae na wazee, alitaje kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe, amchukue mkewe. Hawakudai mbuzi. Hawakudai hata blanketi la bibi. Neno moja tu, basi. Ndugu zangu, mnajua msamaha rahisi kuliko huo?

Lakini bwana yule akalitazama gari lake. Rangi imebabuka ubavuni, paa limepauka. Akaona aibu. Ataingiaje ukweni na gari la namna ile, na watu wamekwisha kumsema? Basi akaazima kompresa ya upepo, akanunua rangi, akalipuliza mwenyewe hapo nyumbani uani. Na alichagua saa gani? Asubuhi. Asubuhi, jamani, saa ambayo mtaa mzima umeinama na fagio. Uani kwake alimwagia maji ili vumbi litulie, akasahau kwamba vumbi la jirani halijui mpaka. Likapaa, likaja kutua kwenye rangi mbichi, na boneti nzima ikaota vipele.

Jumapili ikafika. Mshenga akaja amevaa koti lake, akamkuta mwenzake na kaptura, ana msasa wa maji mkononi, anasugua vipele.

"Vaa twende," mshenga akamwambia. "Watu wanatungoja."

"Niende na boneti hii? Wataniona mtu gani?"

"Wameshakuona, ndugu yangu. Ndiyo maana tunaitwa."

Hakwenda. Alisugua vipele vikaisha, na rangi nayo ikaisha, ikatokea ile ya chini, ya kijivu. Akapuliza tena pale pale. Safari hii akazidisha, rangi ikatiririka mlangoni na kukauka na michirizi. Akasugua michirizi. Zikabaki alama za msasa. Akapaka kompaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi, kuziondoa, akafuta, akarudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja, akaona doa jingine. Jumapili ikapita, na nyingine ikaifuata. Kule ukweni walipika wakala wenyewe. Mkewe alinyanyua kichwa kwa kila gari lililopita barabarani. Mshenga akachoka, akasema yeye si mlinzi wa gari la mtu, akajitoa. Mimi nasimulia tu na hasira inanipanda, sembuse huyo aliyekuwa anangoja.

Hatimaye gari likang'aa. Ungeweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Akaenda peke yake, akaliegesha mahali ambapo kila mtu angeliona, akakaribishwa ndani, akapewa kiti. Shangazi wa mkewe ndiye aliyeongoza kikao. Mkewe alikaa mkekani, kanga begani. Shangazi akamwambia mkwe azungumze.

Naye akazungumza. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Akaeleza habari ya vumbi, akaeleza mafagio ya majirani, akaeleza michirizi ya mlangoni na jinsi ilivyomsumbua, na kompaundi ipi ilimfaa na ipi ilimharibia. Alieleza vizuri, kwa moyo wote. Walimsikiliza mpaka mwisho.

"Tumeyasikia makosa ya gari, baba," shangazi akasema. "Na yako?"

Bwana yule ndipo akaanza kulitafuta lile neno moja. Muda wote ule wa kusugua, hakuwa amelitafuta hata mara moja. Akatazama chini, akatazama nje, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba alitaka kwanza aje akiwa nadhifu.

Ndipo mkewe akanyanyuka.

"Jumapili ile ya kwanza nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga," akamwambia. "Ungekuja hata kwa miguu. Sasa nimezifungua."

Akaingia ndani. Bwana akarudi na gari lake zuri.

Mnatikisa vichwa. Msitikise. Sisi ni wangapi humu ambao tuko uani na msasa mkononi? Ngoja kwanza niache pombe, ndipo nitubu. Ngoja kwanza mambo yangu yanyooke, ndipo nimtazame mama yangu usoni. Ngoja, ngoja, ngoja. Nani alikwambia uje unang'aa? Uliitwa useme nimekosa, na hilo halihitaji kompaundi.

Na msijifariji kwamba Mungu ni mvumilivu. Ni kweli, ni mvumilivu kuliko mke yule, la sivyo mimi mwenyewe nisingesimama hapa. Lakini yule uliyemkosea si Mungu. Ni mtu. Yeye anachoka, na siku moja anafungua nguo zake na kuzirudisha kabatini, wala hakupigii simu kukuarifu.

Kwaya, msianze kwanza. Kama mtu wako yumo humu, inuka umfuate kwenye benchi lake. Kama hayumo, toka sasa hivi, na sadaka yako tutaipokea ukirudi.