Samaki wa Mheshimiwa Nyati

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vikao na mihuri, palikuwa na jalada lenye jina hili: "Shauri la Kuwashwa kwa Sikio la Kushoto la Mheshimiwa Nyati, Pamoja na la Kulia Inapobidi."

Kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalibaki mahali pamoja tu, katika mtungi mkubwa uani kwa Nyati. Na Nyati hakuwa na raha. Kutwa mbu wakimuuma, kutwa akipigapiga masikio, pwaa! pwaa! Akatoa amri: mbu yeyote atakayesogelea mtungi atapondwa.

Basi akaja Bi Tindi, mbu mkubwa kuliko mbu wote, mwenye mrija uliopinda kama ndoana. Tumbo lilimjaa mayai. Yasipopata maji siku hiyo, yangekauka yote.

"Hodi hapa!"

"Ponda!" akafoka Nyati.

"Ngoja, Mheshimiwa! Mimi siumi. Chakula changu ni maji matamu ya maua."

Ngiri, karani wa Nyati, akafunua daftari. "Safu ni mbili tu, bibi: mbu, na si mbu. Mbu asiyeuma hana safu."

"Niandike pembeni basi, Bwana Karani."

"Pembeni ni pa mhuri."

Bi Tindi akachungulia mtungini. Lo! Vidudu vyembamba tele vilikuwa vikijinyonganyonga majini. Akawatambua mara moja: watoto wa mbu wale waumao.

"Mheshimiwa, adui zako unawalea mwenyewe, humu humu!"

"Koma! Hao ni samaki wangu. Karani, msomee."

Ngiri akakohoa, kho! "Samaki wachanga, zawadi kutoka kwa Bi Mbu Mweusi. Wamepokelewa kabla ya amri."

"Samaki gani hawana mapezi?"

"Yatakuja," akajibu Ngiri. "Mhuri umeshagongwa."

Bi Tindi akavitazama tena vile vidudu. Kisha akaangua kilio, wiii!

"Nimekosa, baba! Niponde mimi! Lakini nakusihi, mayai yangu yasitupwe kwa samaki! Wakishayaona, uzao wangu umekwisha!"

Macho ya Nyati yakang'aa. "Ahaa! Karani, andika: mayai yatupwe kwa samaki. Na mama yao asipondwe, asimame papo hapo, atazame!"

Gom! Mhuri ukagongwa. Bi Tindi akayadondosha mayai moja moja, juu akilia, ndani akicheka.

Mayai yakaanguliwa. Siku chache baadaye Nyati akainama mtungini, akakunja uso.

"Karani, mbona samaki wanapungua?"

"Wamekua, Mheshimiwa. Samaki mkubwa hujificha."

Siku zikapita. Mbu wakongwe wakafa mmoja mmoja, na wa kuwarithi hawakutokea. Masikio ya Nyati yakatulia, tuli! Akaitisha baraza, akasimama kifua mbele.

"Mmeona? Amri yangu imefanya kazi!"

Wanyama wakapiga makofi. Hata Bi Tindi akapiga, akiwa juu ya ua, mrija umelowa asali.

Funzo lake, watoto: anayehukumu kwa ukoo hulea adui na kumfukuza rafiki.

Ngiri aliandika kwamba kuwashwa kumekoma kwa amri ya Mheshimiwa. Kilichotokea ni kwamba watoto wa Bi Tindi waliwala wale samaki wote.