Kozi ya Watu Wawili

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, watu walipokuwa na kompyuta na simu za mkononi na bado wakizungushwa ofisi hadi ofisi kwa miguu, alikuwepo mwanamke aitwaye Sekela Mwasomola. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya takwimu katika chuo kikuu kimoja kilichojengwa juu ya kilima. Alitaka kutafuta njia ya kukadiria idadi ya watoto wachanga wanaofariki vijijini bila kuandikishwa popote. Mmoja wa watoto hao alimzika yeye mwenyewe, kwao Tukuyu. Mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa, akafa bila cheti cha kifo. Kwa hesabu za wakubwa, hakuwahi kuwepo.

Sasa, shahada ile ilikuwa na masharti yake. Usome kozi zote za lazima na uzifaulu ndani ya miaka miwili, la sivyo uondoke. Kisha ufanye mtihani mkuu. Kisha utetee pendekezo la utafiti. Baada ya hapo ndipo uruhusiwe kuanza kile kilichokuleta. Sekela hakulalamika. Akasoma, akafaulu. Akasoma, akafaulu. Ikabaki kozi moja, Nadharia ya Vipimo, hisabati nzito ambayo hesabu zote za uwezekano zimejengwa juu yake. Na kozi hiyo ya lazima haikuwa ikifundishwa.

Akaenda kwa mkuu wa idara, Profesa Kalokola.

"Profesa, muhula huu ndio wangu wa mwisho wa masomo, na kozi haimo kwenye ratiba."

"Haimo kwa sababu uko peke yako," akasema Profesa. "Kozi haifunguliwi kwa mwanafunzi mmoja. Nenda kurugenzi ya shahada za juu, wakupe ruhusa maalumu."

Akaenda kurugenzi. Kurugenzi wakasema, hilo ni la idara. Akarudi idarani. Idara wakasema, hilo ni la kitivo. Akaenda kitivoni. Kitivo wakasema, mwalimu wa kozi anasemaje? Akaenda kwa mwalimu wa kozi, Dakta Naetwe Mbwambo. Dakta Naetwe akasema, "Mdogo wangu, mimi niko tayari hata kesho asubuhi. Lakini siwezi kufundisha kozi ambayo idara haijaifungua." Akarudi tena kwa Profesa Kalokola, viatu vimejaa vumbi la kilima kizima.

"Basi tafuta mwenzako," akasema Profesa. "Mkiwa wawili, naifungua leo."

Mwenzake atamtoa wapi? Wanafunzi wa uzamivu katika idara ile walikuwa wachache, na karibu wote walishaipita kozi hiyo. Mmoja tu hakuwa ameisoma, kaka mmoja wa Lushoto aitwaye Kheri Shemdoe. Yeye programu yake haikuidai. Alikuwa amemaliza kozi zake zote, amefaulu mtihani mkuu, yuko katikati ya utafiti wake wa homa ya mapafu kwa watoto. Alikuwa na kila sababu ya kukataa.

Sekela akamfuata kantini. "Kaka Shemdoe, nakuomba kitu ambacho mimi ningekuwa wewe ningekikataa."

Akamweleza. Shemdoe akamaliza chai yake, akasema, "Siwezi kujisajili kama msikilizaji tu, nisifanye mtihani?"

Wakaenda kuuliza. Profesa Kalokola akasema msikilizaji hahesabiwi. "Jisajili kikamilifu. Utahudhuria, utafanya mtihani, yataisha. Kozi yenyewe haikuhusu, una wasiwasi gani?"

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo mimi hupandwa na hasira. Chuo kile kilikuwa na kanuni nyingine: mwanafunzi akishajisajili kozi yoyote, ikiwa ya lazima au si ya lazima, akaifeli, akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, akaifeli na sapu, anadisko. Anaondolewa chuoni, yeye na utafiti wake. Profesa Kalokola aliijua kanuni hiyo. Alikuwa kwenye kikao kilichoipitisha. Hakuitaja. Na Shemdoe hakuuliza. Alisaini.

Kozi ikafunguliwa. Dakta Naetwe akafundisha watu wawili kama anafundisha ukumbi uliojaa, ubao mzima akiandika, akifuta, akiandika. Sekela hakukosa kipindi. Shemdoe akawa anakosa, maana hospitali za wilaya zilimpa ruhusa ya kukusanya takwimu wiki zilezile za masomo, naye asingeweza kuziambia zisubiri. Mtihani ukaja. Sekela akafaulu. Shemdoe akafeli.

"Si neno," akasema, "ipo sapu." Wakati huo alikuwa ameshaisoma ile kanuni, na sauti haikuwa ya mtu anayesema si neno. Akamwomba Sekela wakae pamoja, amwelekeze zile mada alizozikosa.

Lakini Sekela naye alikuwa anajiandaa kwa mtihani mkuu. Akasema, "Kaka, nitakupa maandishi yangu yote, yako wazi kabisa. Kukaa ndiyo siwezi, kichwa kimejaa." Akampa maandishi. Shemdoe akahangaika nayo peke yake. Nadharia ya Vipimo si kitu cha kuhangaika nacho peke yako, aliyeisoma anajua.

Akafanya sapu. Akafeli, kwa pengo dogo kabisa.

Sekela alipopata habari alikimbia hadi ofisi ya Dakta Naetwe. "Daktari, ni pengo dogo. Mtu huyu alikaa darasani kwa ajili yangu."

"Najua alikaa kwa ajili yako," akasema Dakta Naetwe. "Nimesahihisha karatasi yake mara nyingi kuliko inavyofaa, nikitafuta pa kuongeza. Hapakuwa na pa kuongeza. Nikibuni alama zake, kesho mtu atauliza na zako nilizitoa wapi. Nitajibu nini?"

Shemdoe akakata rufaa. Kamati ya shahada za juu ikawaita wote wanne: yeye, Sekela, Dakta Naetwe na Profesa Kalokola. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akafungua kanuni akasoma taratibu. Kumbe kozi hufunguliwa kwa wanafunzi wawili ambao programu zao zinaidai. Si wawili wowote. Programu ya Shemdoe haikuidai. Kwa hiyo kozi ile ilifunguliwa kimakosa tangu siku ya kwanza.

"Kuna njia mbili," akasema mwenyekiti. "Mmoja wenu, yeyote kati ya ninyi wanne, akiomba rasmi kozi ifutwe, tutaifuta. Kozi ikifutwa, matokeo yake yote yanafutika. Ndugu Shemdoe anabaki chuoni. Dada Sekela anakuwa hajaisoma, na muda wake wa kozi umekwisha, kwa hiyo anaondoka. Asipoomba mtu, kozi inasimama. Dada Sekela anaendelea, ndugu Shemdoe anaondoka. Kamati haiwezi kuwaamulia. Semeni."

Shemdoe akasema, "Mimi nilitoa msaada, na sasa naadhibiwa kwa msaada. Sikuhitaji kozi hii. Ila siwezi kuwa mtu wa kumfukuza dada huyu kwa mdomo wangu." Akakaa.

Sekela akasema, "Mimi nilitimiza kila sharti nililopewa. Nilisoma, nilifaulu. Niliambiwa nitafute mwenzangu, nikamtafuta. Kosa la kufungua kozi si langu." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hayo ndiyo aliyoyasema. Akakaa.

Dakta Naetwe akasema, "Mimi nilifundisha na nilisahihisha kwa haki. Nikiomba kozi ifutwe, nitakuwa nimekana alama za mwanafunzi aliyezitolea jasho." Akakaa.

Profesa Kalokola alibaki kitini, akasema, "Mimi nilitaka kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa anazungushwa. Nisingefungua kozi, mngesema idara ina roho mbaya. Sasa nikikiri hapa kwamba nilikiuka kanuni, idara nzima itachunguzwa, na wanafunzi wengine wataumia." Hakusema kwamba cheo chake nacho kingechunguzwa.

Mwenyekiti akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nauliza kwa mara ya mwisho. Yupo anayeomba kozi ifutwe?"

Shemdoe alikuwa anamtazama Sekela. Sekela alikuwa anatazama meza. Dakta Naetwe alikuwa anamtazama Profesa, na Profesa alikuwa amevua miwani yake anaifuta kwa tai, anaifuta, anaifuta.

Mwenyekiti akafunga kikao.

Shemdoe akaondoka chuoni. Leo anafundisha hisabati sekondari huko Korogwe, na wanafunzi wanasema ni mwalimu mzuri. Takwimu zake za homa ya mapafu hakuna aliyeziendeleza. Sekela alimaliza, akavaa joho, na njia yake ya kuhesabu watoto wasioandikishwa inatumika katika wilaya kadhaa. Watoto waliokuwa hawapo sasa wapo, angalau kwa hesabu. Alimpigia Shemdoe simu siku ya mahafali. Shemdoe alipokea, akampongeza kwa moyo mweupe, wakaagana. Dakta Naetwe bado anafundisha. Profesa Kalokola alistaafu kwa sherehe.

Nimeisimulia habari hii kwa watu wengi, na kila mara wanagombana. Wapo wanaosema Sekela, kwa kuwa aliomba msaada akapewa, alipoombwa yeye akanyima. Wapo wanaosema Profesa, kwa kuwa aliijua kanuni akakaa kimya tangu mwanzo, na hao nusura niwaunge mkono, mpaka mtu anapouliza wale watoto wa vijijini nani angewahesabu. Wapo wanaosema Dakta Naetwe, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa na cha kupoteza. Na juzi mama mmoja aliniambia ni Shemdoe mwenyewe, kwa sababu alikuwa na haki yake mkononi akaiweka chini, halafu akataka mwingine amwokotee. Nilikasirika.

Haya, mmekaa mmesikia, na mimi koo limenikauka. Katika chumba kile walikuwemo wanne, na neno moja la yeyote kati yao lingetosha. Je, nani alistahili kulisema?