Stoo Iliyomeza Vyombo vya Kwaya

Jina kamili la shughuli yenyewe lilikuwa "Uhakiki wa Awali wa Utoshelevu wa Nafasi kwa Ajili ya Hifadhi na Matumizi ya Vyombo vya Muziki vya Kwaya ya Mtaa." Iliundwa kamati ya watu saba. Kwa lugha tunayoongea jikoni, swali lilikuwa moja tu: spika zikae wapi?

Nisikilizeni vizuri, wapendwa, na msianze kutazamana. Mtaa ninaousema si wetu.

Kulikuwa na mtaa mmoja mdogo wa usharika fulani, huko milimani, ambao waumini wake walikuwa wamemaliza kujenga kanisa. Askofu alikuwa aje kuliweka wakfu. Wazee wa usharika wakashauri, kwa upendo, kwamba siku kubwa kama hiyo ialikwe kwaya ya mjini, yenye sare na yenye kusikika redioni. Wanakwaya wa mtaa wakakataa. Walisema, "Mawe tumebeba wenyewe, mchanga tumebeba wenyewe. Na kuimba tutaimba wenyewe." Wazee wakawajibu, "Sawa. Lakini mkiaibika, ni mtaa mzima umeaibika." Wanakwaya wakakubali. Je, mnaona walichokiweka rehani? Si wimbo. Ni uso wa mtaa.

Sasa, mazoezi wafanyie wapi? Kanisa jipya lilifungwa mpaka askofu alifungue. Ukumbi wa zamani ulikuwepo, ila kila jioni ulikuwa na kikao cha ile kamati ya watu saba, iliyokuwa ikijadili kwa nini kwaya haina ukumbi. Msicheke. Vikao vyote vilikuwa na akidi.

Ndipo mpiga kinanda wao, mzee mstaafu wa ofisi ya wilaya, akajitolea stoo yake ya mahindi. Ilikuwa stoo ndogo, nyuma ya jiko. Magunia yakahamia chini ya kitanda cha wageni, panya wakapewa notisi, na mzee akaanza kupanga.

Na alipanga, ndugu zangu. Hapo lazima nimpe haki yake. Kinanda kilikaa juu ya dramu kubwa, kwenye ubao alioupimia mwenyewe. Magitaa yalining'inia darini kwenye ndoano za ndizi. Waya zilikunjwa na kutundikwa misumarini kama vitunguu sokoni. Maiki na stendi zake zilisimama kwenye kona, zimebanana kama watu wanaokimbia mvua. Spika mbili, kila moja na kimo cha mtoto wa darasa la tatu, ziliingia kwa ubavu, moja ikitazama ukuta kwa kukosa pa kugeukia, huku imebeba ncha ya ule ubao. Kila kitu kilienea. Kamati ilikuja kukagua, ikapima, ikapima tena, ikaandika kwamba jambo hilo kitaalamu haliwezekani, kisha ikampongeza.

Siku ya uzinduzi kukawa na utepe, kukawa na risala. Mgeni rasmi alikata utepe vizuri, ila hakuweza kuingia, kwa kuwa mahali pa mgeni rasmi palikuwa na ngoma. Akazindua chumba akiwa jikoni, karibu na sufuria ya makande. Watu wakapiga makofi. Mzee alisimama mlangoni na uso unang'aa. Nani angemnyima? Alikuwa ametoa chumba chake kwa ajili ya kazi ya Mungu, na spika hazikubaki nje.

Jioni ile mkewe, ambaye ni mwimbaji wa sauti ya kwanza, alisimama kwenye mlango wa stoo, akaangalia ndani.

"Baba Elifuraha."

"Naam."

"Pamependeza. Sasa watu watakaa wapi?"

"Wataingia kwa zamu. Nimeshapiga hesabu. Sauti moja inaenea vizuri tu, wakisimama upande upande."

"Si utoe hii spika moja? Hii inayoangalia ukuta. Anaimbiwa nani huko ukutani?"

"Mama Elifuraha, ukiitoa hiyo, ubao unakosa mhimili. Ubao ukikosa mhimili, kinanda kinashuka. Utakuwa umevunja mpangilio wote."

"Mimi nimeuliza spika, wewe unanijibu kama barua ya wilaya," mama akasema, akaenda kuangalia makande yake.

Basi ikawa zamu. Jumatatu sauti ya kwanza. Jumanne sauti ya pili. Jumatano sauti ya tatu. Alhamisi besi. Na kinanda kile kilikuwa cha kisasa, kina vitufe. Sauti ya kwanza walisema wimbo uko chini, hauna utukufu. Mzee akabonyeza kitufe, wimbo ukapanda. Besi walisema wimbo unawakaba koo. Akabonyeza, ukashuka mpaka chini kabisa, wakaunguruma kwa raha. Sauti ya tatu walipenda wimbo uende taratibu ili maneno yaingie moyoni. Akapunguza mwendo. Besi zamu yao iliangukia siku za mechi, wakaomba uende haraka kidogo. Akaongeza. Sauti ya pili hawakuomba kitu, maana sauti ya pili wamezoea. Kila kundi lilitoka stooni likisema halijawahi kuimba vizuri namna ile. Na lilisema kweli.

Mlipaswa kuwasikia njiani. Besi walikuwa wakiwaambia wale wa sauti ya tatu, "Sisi tuko tayari. Askofu hata aje kesho. Nyie sijui."

"Nyie mnaimba au mnasukuma gari?" wakajibiwa. "Tunawasikia mpaka mtoni."

"Mtatusikia siku yenyewe."

Na siku yenyewe ikafika. Kanisa likafunguliwa, likanukia rangi. Askofu akaketi. Wazee wa usharika wakaketi mstari wa mbele wakiwa na nyuso za watu walioshauri mapema. Kwaya ikasimama, vitenge vipya, vifua mbele. Mzee akaketi kwenye kinanda. Akanyoosha kidole ili aweke sauti, na kidole kikabaki hewani.

Aiweke ya nani?

Ndugu zangu, hapo ndipo alipotambua. Kinanda kilikuwa kimoja. Wimbo wa sauti ya kwanza ulikuwa huku juu, wa besi kule chini, na kwenye karatasi ulikuwa wimbo uleule. Watu walewale, wa mtaa mmoja, wameufanyia mazoezi kwa miezi, na hawajawahi hata siku moja kuuimba pamoja. Spika zilienea ndani ya stoo. Magitaa yalienea. Kilichokosa nafasi mle ndani ni kumsikia mwenzako.

Akaweka katikati. Hakuna aliyezoea katikati. Sauti ya kwanza wakaanza kwa wasiwasi, sauti ya tatu wakafuata taratibu, maneno yakiwaingia moyoni, na besi wakaondoka mbio kama walivyozoeshwa. Sauti ya pili wakawa wanatazama mlango. Wengine walipofika ubeti wa tatu, besi walikuwa wameshamaliza wimbo, wakaketi.

Sasa niwaulize nyinyi mnaocheka: kwani sisi tumeketi wapi?

Sisi tuna kikundi cha akina mama, tuna umoja wa vijana, tuna wazee, tuna familia zetu, kila mmoja na stoo yake nyuma ya jiko. Tumeipanga. Hakuna kitu kinachoanguka. Tunaomba humo, tunaimba humo, tunasamehe humo watu ambao hawajaja, na kila tukiona wimbo umetukaba koo tunabonyeza kitufe unashuka. Kisha tunatoka tukisema, hatujawahi kuwa wazuri namna hii. Na ni kweli. Sauti yako peke yako ni nzuri. Ila nani alikuambia uliitwa uimbe peke yako?

Mimi simlaumu yule mzee, na nisimsikie mtu akimlaumu nje hapo baada ya ibada. Alitoa chumba wakati wengine walitoa maoni. Fahari yake ilikuwa halali, na ningekuwa mimi ningezindua kwa utepe mrefu zaidi. Lakini siku mtu anayekupenda atakaposimama mlangoni akuulize watu watakaa wapi, usimweleze habari za mhimili. Toa spika. Mpangilio ukivunjika, uvunjike. Mwenzako akiingia atakukanyaga, ataimba taratibu kuliko unavyopenda, atakuomba upande pale ulipozoea kushuka. Huyo ndiye zoezi lenyewe. Hivyo vingine ni vyombo.

Najua mtaniuliza kama mtaa ule uliaibika. Nitawaambia kilichotokea, bila kukipamba.

Askofu alingoja mpaka sauti ya tatu nao wakamaliza. Kisha akasema, "Rudieni." Mzee akazima kinanda. Mama Elifuraha akatoka mstari wa sauti ya kwanza, akaenda kusimama katikati ya besi, akawaambia, "Simameni, baba zangu. Leo hakuna mechi." Wakasimama. Wakaanza upya, kwa mdomo tu, wakitazamana kama watu wanaovuka mto wameshikana mikono.

Haukuwa wimbo mzuri sana. Waliumaliza pamoja.