Mbuzi Aliyekula Kanzu

Basi sogeeni niwape ya Bi Mize, aliyekuwa na mbuzi mmoja tu wa maziwa. Siku moja mbuzi akala kanzu ya tajiri Shamte iliyoanikwa uani. Shamte, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, akaja akashika kamba ya mbuzi.

"Kanzu yangu imo tumboni mwake. Kwa hiyo huyu ni mfuko wangu wa nguo, nami nauchukua."

"Umenishinda, bwana," akasema Bi Mize. "Lakini mimi kubishana sijui. Nifundishe, majirani nao wasikie. Mimi niwe Shamte, wewe uwe Mize."

Shamte akacheka, akavua kofia akampa, akajitanda kanga ya Bi Mize.

"Kanzu yangu imo tumboni mwake," Bi Mize akaunguruma, "kwa hiyo mbuzi ni wangu."

"Una akili wewe?" Shamte akambana. "Juzi ulikula pilau yangu sahani tatu. Basi na wewe ni sufuria langu? Njoo nikusugue kwa majivu."

Majirani wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Sina jibu," akasema Bi Mize.

"Umeona? Hivyo ndivyo mtu anavyoshindwa."

"Nimeona, mwalimu wangu. Shamte kashindwa, na watu wote wamesikia."

Akamrudishia kofia, akachukua kanga yake, akaenda kumkamua mbuzi wake.