Barua Mbili za Subilaga

Kaeni. Na wewe unayependa kujibu kabla swali halijaisha, leo jibu lako limeze kwanza. Kisa hiki kimeshavunja urafiki wa watu watatu, na sitaki kivunje na wa hapa.

Walikuwa watu watatu katika mji mmoja wa milimani, kule kwenye chai na mvua. Lusekelo alikuwa na kipaji cha kueleza. Ukimpa kifungu cha sheria kilichoandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, alikurudishia kwa maneno ambayo hata muuza maandazi angeyaelewa. Subilaga alikuwa na kichwa kinachoshika. Akisoma ukurasa mara moja, wiki ijayo anakutajia mpaka namba ya kifungu. Atupele, mkubwa wao, hakuwa na ulimi huo wala kichwa hicho. Yeye alikuwa mfuatiliaji. Akitaka karatasi kutoka ofisi fulani, alirudi na kurudi mpaka karani aone haya.

Mwaka huo matangazo mawili yalitoka pamoja. Serikali kuu ilitaka afisa utumishi mmoja wa kwenda Dodoma, na mkoa ulitaka afisa utumishi mmoja wa kubaki palepale. Mtihani wa taifa ulipangwa Jumatatu, wa mkoa Alhamisi ya wiki hiyohiyo. Ule ulitaka Katiba, sheria za utumishi na kanuni zake. Huu ulitaka vijiji, kata, halmashauri na taratibu zake zote. Muda ulikuwa wiki sita, na hakuna kichwa kimoja ambacho kingebeba yote hayo. Basi wakakaa jikoni kwa Atupele, wakakubaliana kusoma yote mawili kwa pamoja, na wakapeana mikono kwamba atakayeshinda nafasi mbili ataachia moja.

Ipi? Na nani ataamua? Hakuna aliyeuliza. Watu wanaosomea utumishi wa umma, wanaokesha na sheria za mikataba, wameshindwa kuandika mistari miwili ya mkataba wao wenyewe! Kila nikifika hapa hasira zinanipanda.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Mwongozo wa mtihani wa mkoa ulikuwa nakala moja tu, kwenye ofisi moja, na karani alikataa usitoke mlangoni. Atupele alikwenda siku kumi na moja za kazi mfululizo, akakaa kwenye kona aliyoonyeshwa, akanakili kurasa tisini kwa mkono. Genge lake la nyanya lilifungwa siku zote hizo, na wateja wengi wakahamia kwa jirani wala hawakurudi. Bila daftari lake, mtihani wa mkoa wasingejua hata pa kuanzia.

Lusekelo alikuwa mwalimu katika shule ya binafsi. Kila saa tisa alasiri alitoroka masomo ya ziada akaja jikoni kuwafafanulia wenzake sheria, moja baada ya nyingine. Mkuu wa shule alimwonya mara mbili, mara ya tatu akamwambia achague. Alichagua lile jiko, na wiki ya tano akaachishwa kazi. Bila yeye, wote wangekariri kama kasuku, na mtihani wa taifa haumpi kasuku kitu.

Subilaga alikuwa akimuuguza baba yake aliyepooza upande mmoja. Asubuhi akishamgeuza na kumnywesha uji, aliwatafuta wenzake na maswali, hana karatasi mkononi, na hakuwaachia mpaka wajibu. Wiki ya nne Atupele alisema basi, ameshachoka, yeye si mtoto wa shule. Subilaga akamfuata gengeni akawa anamuuliza vifungu katikati ya mafungu ya nyanya, siku nne, mpaka dada wa watu akacheka na kurudi. Bila yeye, wangefika chumba cha mtihani wameshasahau nusu.

Matokeo yakatoka. Mtihani wa taifa, wa kwanza Subilaga, wa pili Lusekelo. Mtihani wa mkoa, wa kwanza Subilaga, wa pili Atupele, nyuma kwa alama mbili. Utaratibu wa nafasi zote mbili ni kwamba wa kwanza asiporipoti ofisi ya mkoa ndani ya siku kumi na nne, anaitwa wa pili. Subilaga akapata barua mbili zenye tarehe moja.

Atupele alipiga vigelegele, na vilikuwa vya kweli. Halafu akakumbuka umri wake. Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano, na yeye mwezi wa tisa anatimiza arobaini na sita. Siku zikapita, Subilaga hajaripoti kokote. Atupele akakasirika: mtu anajibu kwa daftari langu, kisha ananiweka njia panda kama hanijui! Siku ya kumi na tatu akamchukua Lusekelo wakaenda.

"Nikibaki hapa namtazama baba, na Lusekelo anakwenda Dodoma," Subilaga alisema. "Nikienda Dodoma, nafasi ya mkoa ni yako, dada."

"Basi nenda. Baba yako nitamtunza mimi."

Lusekelo alisema baba wa mtu hatunzwi kwa kubadilishana na kazi. Atupele akamgeukia, akamwambia yeye ana miaka thelathini na moja, ataomba tena hata mara kumi.

"Nitaomba na nini, dada? Mkuu wa shule amekataa kuniandikia hata barua ya utambulisho. Nilifukuzwa kwa ajili yenu."

Hapo Subilaga akasimama. Hawakuwahi kumwona na uso ule.

"Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi nataka ipi. Mnaongea kama barua hizi nimeziokota. Nataka Dodoma. Nimeitaka tangu darasa la saba. Na baba anataka nisiondoke."

Atupele aliposikia Dodoma moyo wake uliruka kwa furaha, na papo hapo akaona aibu, kisha akakasirikia ile aibu yenyewe. Kutoka chumba cha ndani mzee aliita jina la binti yake, kwa ule ulimi wake mzito, mara mbili. Lusekelo akatoka nje bila kuaga.

Siku ya kumi na nne ilikuwa kesho yake. Saa sita mchana Subilaga alikuwa bado ameketi na barua zake mbili, na ofisi zinafungwa saa tisa na nusu.

Haya, semeni sasa. Ila msiniambie waelewane, wameshashindwa. Msiniambie Mungu atafungua mlango mwingine, Atupele ameomba mpaka sauti imemkauka. Nafasi ni mbili, watu ni watatu, na kuna mmoja atakayetoka mikono mitupu ingawa alifanya kazi sawasawa na wenzake. Dada aliyenakili na muda wake umekwisha? Mwalimu aliyepoteza kazi? Au binti aliyeshinda mara mbili naye afuate moyo wake bila kumtazama mtu, hata baba?

Wewe hapo, ungekuwa Subilaga, ungeachia ipi? Na yule uliyemnyima, mkikutana sokoni, ungemwambia nini?